Gego la Mtakatifu Apolonia

Gego la Monna Ciuta lilianza kuuma asubuhi ya Jumanne moja ya Januari, akiwa amesimama ndani ya mto Arno, maji yamemfika magotini na sufu ya kondoo wa watu imo mikononi. Kwanza alilinyamazia, kama mtu anavyomnyamazia jirani mwenye maneno mengi, akiamini litachoka lenyewe. Halikuchoka. Kufika saa ya kula, shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa kama komamanga, na Bartola, aliyekuwa akikamua sufu kando yake, akamwuliza kama ameficha mkate humo.

“Nigawie basi, shoga. Mbona uchoyo?”

“Ukiutaka ingiza mkono uuchukue,” Ciuta akasema, na kule kusema tu kukamtoa machozi.

Saa hiyohiyo, ng’ambo ya daraja, katika kanisa dogo la San Ginepro, shavu la kushoto la Mtakatifu Apolonia lilivimba pale alipochorwa ukutani. Ser Goro, mzee mtunza kanisa, aliliona alipokuwa akipangusa vumbi. Akalibonyeza kwa kidole, akaona lina joto kidogo. Kisha akaenda kula, maana supu ya kabichi ikipoa ni maji ya kuoshea vyungu. Aliporudi akakuta uvimbe umeongezeka, ndipo akajifunga joho, akaenda kumwarifu mkubwa wa chama chenye picha ile.

Ilikuwa aibu ya aina yake. Apolonia ndiye mtakatifu wa meno. Wapagani walimvunja yake yote siku za kale, na tangu hapo kila aumwaye jino humkimbilia yeye. Sasa jino lilikuwa limemshika mwenyewe, na hakuna aliyejua yeye akimbilie kwa nani.

Chumba cha sala alimochorwa kilikuwa mali ya chama cha waganga, wauza dawa na vinyozi. Wachoraji nao walikuwa wanachama, kwa sababu hununua rangi zao kwa wauza dawa, na mtu anunuaye kila siku mwishowe huhesabiwa ndugu. Mkubwa wa chama alikuwa Messer Lapaccio, mwenye duka la dawa lenye milango miwili na mwenyewe ana videvu viwili. Yeye ndiye aliyeagiza picha ile mwaka uliotangulia, na kazi akaipata fundi Baldo, mtu mwembamba, mcheshi, mwenye chokaa kwenye nyusi siku zote.

Kabla ya Baldo, watakatifu wa San Ginepro walikuwa na sura moja wote, kama mayai ya kuku mmoja. Lusia ulimjua kwa macho yake kwenye sahani, Katarina kwa gurudumu lake. Ungewanyang’anya vyombo vyao, hata mama zao wasingewatambua.

“Mtakatifu hafai kufanana na mtu,” Messer Lapaccio alimwambia fundi.

“Messer, huyu walimvunja meno,” Baldo akajibu. “Yai halina meno. Nataka mdomo, na mdomo una mwenyewe.”

“Sawa, hilo ni lako. Na mimi je?”

Kwa desturi, mwenye kuagiza huchorwa pembeni amepiga magoti, mikono imekutana, ili Mungu na majirani wajue nani alilipia.

“Wewe nitakufanya ulivyo.”

“Nifanane,” akasema Messer Lapaccio, akijipapasa chunjua lililokaa kando ya pua yake. “Lakini usinifananishe sana.”

Baldo alizunguka mji mzima akitafuta mdomo wake. Aliukuta mtoni. Ciuta alikuwa mjane wa makamo, mwenye kovu kidevuni alipochomwa na sufuria ya sabuni, jicho moja linatazama anachokitazama na la pili linatazama mambo mengine. Alikuwa akimtukana mwendesha mashua, na fundi akasimama kusikiliza mpaka mwisho, kama mtu aliye kwenye ibada. Kisha akaomba ruhusa ya kumchora.

“Mimi?” Ciuta akasema. “Baba, umekunywa nini asubuhi hii? Wako wasichana kule juu wana mashavu kama siagi.”

“Siagi haijapata taabu yoyote.”

“Basi njoo unishikie sufu nikuonyeshe taabu.”

Akamshikia. Wakaelewana. Alimchora kwa mkaa kwa juma zima, huku wanawake wakimwuliza kama atawachora na wao wakiwa wamekaa, maana kusimama wamechoka. Ciuta akataka kuiona karatasi.

“Ngoja ukutani,” Baldo akasema. “Hapa ni mifupa tu. Nyama iko kwenye rangi. Nakuahidi utajiona.”

Ahadi hiyo ilimwingia Ciuta kuliko fundi alivyodhani. Alikuwa hajawahi kujiona. Kioo ni kitu cha wenye nyumba, na mto pale alipofanyia kazi ulipita kwanza kwa watia rangi. Kwa hiyo uso wake aliujua kwa vipande tu: mwekundu siku za rangi nyekundu, wa buluu siku za buluu, na kila siku ukitetemeka.

Kazi ya ukutani ina sharti lake. Chokaa hupakwa asubuhi kipande kimoja, na kipande hicho lazima kichorwe chote kingali kibichi, ili kiinywe rangi kabla hakijakauka. Uso ni kazi ya siku moja. Siku ya uso wa Apolonia kisima cha kanisa kiliganda, na Baldo, kwa haraka, akashuka mtoni akaikwapua ndoo ya Ciuta pamoja na maji yake, akakorogea chokaa. Baadaye wengine walisema kosa lilikuwa hapo. Wengine walisema kosa lilikuwa kumchora mtu aliye hai. Ciuta alisema kosa lilikuwa kutorudisha ndoo.

Picha ilipokwisha, alivaa shela safi akaenda San Ginepro kujitazama. Ser Goro akamzuia kwenye kiambaza, ule ukuta wa mawe unaoligawa kanisa katikati. Wanawake husali upande wa nyuma, mbele ni pa wanaume na mapadri, na chumba cha chama kilikuwa mbele.

“Mama, rudi nyuma,” Ser Goro akamwambia.

“Nimekuja kuona uso wangu.”

“Uso wako unao.”

Jambo likaishia hapo, mpaka gego lilipoanza.

Mji ulipopata habari kuwa Apolonia anaumwa, watu hawakushangaa. Walihuzunika tu, kama inavyopasa mgonjwa akiwa mtu wa heshima. Wanaume walipanga mstari mpaka nje ya kanisa. Waliomba kwa sauti za chini ili wasimwumize kichwa. Wakaleta tini zilizochemshwa za kumkanda, divai ya moto, kitambaa cha sufu cha kumfungia kidevu, meno ya nta ya kila ukubwa. Ser Goro aliyapanga chini ya ukuta mpaka pakawa kama mdomo wa mtu mwenye meno kupita kiasi. Messer Lapaccio alileta kichupa cha mafuta ya karafuu, zile zinazovuka bahari kadha wa kadha kabla hazijafika kwenye rafu yake, akampaka mwenyewe kwa unyoya wa bata, akimwita “mama yetu mpole.”

Ciuta naye alikuja, akasimama nyuma ya kiambaza na wanawake wengine, shavu amelikumbatia kwa mkono. Wanaume walipotoka walikuwa wakipangusa macho.

“Anateseka, maskini,” mmoja akasema, akimpita Ciuta. “Shavu limejaa hivi. Jicho moja linatoa machozi.”

“Lile linalotazama pembeni,” akasema mwenzake. “Niliona nikalia na mimi.” Akamkanyaga Ciuta mguu, akaomba radhi.

Ciuta akamshika Ser Goro joho. “Baba, hayo mafuta ya karafuu. Tone moja tu.”

“Ya mtakatifu hayo.”

“Tone lake ni tone langu. Tazama shavu! Hili si shavu?”

Ser Goro, aliyelipangusa shavu lile vumbi kila siku tangu lilipokauka, akamtazama kwa makini, kwa nia njema kabisa. “Ni shavu,” akasema. “Lakini usisukume watu, mama.”

Messer Lapaccio hakuwa na raha. Sikukuu ya Apolonia ilikuwa inakaribia, na askofu angekuja. Mwuza dawa ya meno ambaye mtakatifu wake anaumwa jino ni kama mwuza miavuli aliyelowa. Akamwita Baldo alipake rangi shavu upya, jembamba. Baldo akalipaka. Kesho yake lilikuwa limevimba juu ya rangi mpya, na jekundu zaidi kwa kusumbuliwa. Akamwita Tofano, kinyozi mng’oa meno mwenye mkono mwepesi kuliko wote katika chama. Tofano akapanda ngazi na koleo lake, akamwomba mtakatifu afungue mdomo. Haukufunguka. Akashuka.

“Ukuta hauna bawaba, Messer,” akasema.

“Gego haliko hapo,” Baldo akasema kutoka pembeni, akitafuna zeituni. “Liko mtoni. Lina mwenyewe, naye anaitwa Ciuta. Nilikuambia mdomo una mwenyewe.”

Wote wakashuka mtoni: Messer Lapaccio ameliinua joho lake lisilowe, Tofano na koleo lake, na Baldo nyuma akipiga mluzi. Wanawake waliacha kukamua. Bartola akaweka mikono kiunoni.

“Ehe! Harusi au msiba?”

“Monna Ciuta,” Messer Lapaccio akasema, kwa sauti yake ya dukani, “nimekuja kukusaidia. Tofano atakung’oa jino hilo. Bure.”

Ciuta, ambaye kwa siku tatu nzima alikuwa akilala amekaa, akautazama mdomo wa koleo kwa jicho moja na Messer Lapaccio kwa la pili.

“Ling’olewe kule,” akasema. “Mbele ya ukuta. Nijione.”

“Haiwezekani. Wanawake hawavuki kiambaza.”

“Mbona nimeshavuka? Niko huko tangu mwaka jana. Nalala huko.”

“Yule ni mtakatifu Apolonia.”

“Basi mng’oeni yeye.”

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaanguka majini. Messer Lapaccio akasema jino ni lake Ciuta, maumivu ni yake, wala hakuna anayemwonea kwa kumpa dawa. Ciuta akasema ni kweli, maumivu ni yake, ndiyo maana hayatoi hivihivi. Akainama akashika sufu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Alifanya kazi mpaka jioni akiwa ameuma kona ya shela yake, na kule kanisani wanaume waliona taya la mtakatifu limekaza.

“Mwenzangu, umerogwa?” Bartola akamnong’oneza njiani. “Ling’olewe lile, ulale! Uso utakusaidia nini?”

“Wewe wako unaujua?”

“Niujue wa nini? Mume wangu Nencio anaujua.”

“Mimi wangu alikuwa akiujua Vanni, naye amekufa nao.”

Bartola akamshika mkono, wakaenda hivyo mpaka nyumbani.

Siku zikaenda. Uvimbe ukapanda mpaka jicho la mtakatifu likaziba, lile lililokuwa likitazama mambo mengine, na wenye haja zao wakaanza kulalamika kwamba sasa hajui nani yuko upande ule. Mkesha wa sikukuu, Messer Lapaccio alirudi mtoni bila joho. Alikuwa amekonda kidevu kimoja.

“Kwenye mlango wa kiambaza,” akasema. “Kiti kitawekwa upande wenu, mlango utakuwa wazi. Utaona ukuta. Hutavuka.”

“Wazi kabisa?”

“Wazi kabisa. Naapa kwa Apolonia.”

“Usiniapie mimi,” Ciuta akasema, akapangusa mikono, akaenda.

Kiti kilikuwa tayari. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kama alivyoapa. Bartola alisimama nyuma kumshika mabega, na Ser Goro alisimama kizingitini kuangalia pasivukwe. Ciuta akakaa, akafungua mdomo, Tofano akaingiza koleo akalikamata gego, na hapo ndipo Ciuta alipotupa jicho mlangoni.

Kiti kilikuwa kimewekwa kando kwa akili nyingi. Kutoka pale ilionekana kona ya chini ya picha tu. Alikuwepo Messer Lapaccio amepiga magoti, videvu vyake vyote, mikono imekutana, chunjua linang’aa kama pea iliyoiva. Mbele yake zilionekana ncha mbili za viatu vyekundu vya ngozi laini. Basi. Ukuta uliobaki ulifichwa na nguzo.

Mtu mwenye koleo mdomoni hawezi kuvunja mapatano. Ciuta akanguruma, na kule ndani mtu akasikika akisema, “Bikira Maria, ananguruma.” Tofano akavuta mara moja.

Alipofungua koleo lake, halikuwa na kitu. Akatazama sakafuni, akatazama kwenye mkono wa shati lake. Ser Goro akageuka, akatazama ukutani, akawaambia liko kule, kwenye koleo la mtakatifu. Tangu mwanzo Apolonia alichorwa ameshika koleo la dhahabu lenye jino jeupe kama lulu, ndiyo alama yake. Sasa lulu ile haikuwepo. Koleo la dhahabu lilikuwa limebana gego jeusi la mizizi mitatu, bado lina damu. Na shavu lilikuwa linashuka taratibu, kama unga uliochachuka unavyoshuka ukifungua mlango wa jikoni.

“Gego langu!” Ciuta akasema, mdomo umejaa damu. “Hata gego langu mmechukua?”

“Liko mahali pazuri,” Ser Goro akamtuliza, akaufunga mlango.

Ciuta akabaki ameketi, akitema kwenye kitambaa cha Bartola.

“Umeona nini?” Bartola akauliza.

“Viatu.”

“Viatu tu?”

“Na si vyangu vile,” akasema Ciuta, ambaye hakuwa na viatu.

Kesho yake askofu alikuja. Kanisa lilijaa pande zote mbili. Kupitia kiambaza wanawake walisikia sauti ya Messer Lapaccio ikitangaza kwamba mtakatifu amepona kwa mafuta ya karafuu, mafuta yaleyale yapatikanayo kwenye milango yote miwili ya duka lake. Askofu akayabariki. Gego nalo likabarikiwa, na watu wakaruhusiwa kulibusu kwa foleni.

“Karafuu!” Bartola akanong’ona. “Wewe ulinusa hata moja?”

“Niliota.”

“Basi ile ya ndoto ndiyo iliyokuponya. Kamlipe, usije ukafungwa!”

Ciuta hakutaka kucheka, fizi bado ilikuwa mbichi. Lakini kicheko ni kama chafya. Kikamtoka, kipana, pengo nje, mabega yakitikisika. Upande wa pili askofu alinyamaza katikati ya neno. Kukasikika minong’ono, kisha askofu akasema kwamba imeandikwa wenye haki watafurahi, akaendelea na mahubiri yake pale alipoachia. Alikuwa ameona mengi katika kazi yake.

Tangu hapo San Ginepro ndilo kanisa pekee mjini lenye mtakatifu mwenye pengo. Watu walizoea. Asubuhi huonekana ana usingizi, siku za baridi pua yake huwa nyekundu, na Jumamosi jioni, wanawake wa mtoni wanapokunywa divai yao, huwa anasema sana, midomo inakwenda bila sauti, na wanaume wenye hekima hawamtazami midomo. Duka la Messer Lapaccio likaongezwa mlango wa tatu. Mlango wa kiambaza ukaongezwa komeo. Jino la pembe si dawa ya pengo, lakini meno ya nta bado yanaletwa, na hakuna hata moja lililowahi kupita kwenda upande wa nyuma.

Baldo alijaribu kumwombea Ciuta ruhusa ya kuvuka. Alikwenda kwa chama mara kadhaa, akaambiwa mchoraji hufuata mapatano na kanisa hufuata desturi. Alirudisha ndoo. Kisha akaenda Pistoia, ambako walitaka mitume kumi na wawili na walikuwa wamekubali wafanane na watu.

Ciuta hakukata tamaa upesi. Jumapili moja alimvizia Nencio, mume wa Bartola, akitoka mbele.

“Shemeji, umemwona leo?”

“Nani?”

“Apolonia.”

“Nimembusu gego.”

“Yukoje usoni?”

Nencio alifikiri, kofia mkononi. Alikuwa mtu mkweli, amekula mezani na Ciuta kila Pasaka tangu ujana wao. “Yuko… ana uso wa kitakatifu,” akasema. “Vigumu kueleza. Si kama nyinyi.”

Bartola akafungua mdomo ili amwambie mumewe alivyo, tangu unyayo mpaka utosi. Ciuta akamzuia mkono.

Jumapili iliyofuata alikwenda mapema akapata mahali karibu na kiambaza. Kengele ikapigwa, upande wa pili wakapiga magoti. Alijua kwamba mbele ya miguu yake ya ukutani, kwenye viatu vile visivyo vyake, walikuwapo Messer Lapaccio wawili, mmoja wa rangi na mmoja wa nyama, nyuso zimeinuliwa. Akaligeukia jiwe. Akafumba lile jicho linalotazama anachokitazama, akaliacha wazi lile jingine, akatoa ulimi wote, mrefu, mpaka kwenye mzizi, akaushikilia.

Wanawake wakatega masikio. Upande wa pili kiti kilianguka. Mtu akakohoa kikohozi cha Messer Lapaccio, kikafuata kile cha mtu anayejaribu kukificha kicheko ndani ya kofia, kisha kingine, kisha padri akaongeza sauti.

Ciuta akaurudisha ulimi ndani, akaitengeneza shela yake.

“Umependeza?” Bartola akamwuliza.

“Sijui,” akasema Ciuta. “Lakini nimeonekana.”